Nani Atagonga Mlango Wako?

Leo nazungumza hasa na vijana wetu wa vyuoni. Wewe uliye kwenye matatu ya Tudor, wewe uliyesimama Buxton unangojea gari, na wewe uliyejilaza hosteli, joto limekushinda na feni inazungusha hewa ile ile ya moto, sogeza redio karibu.

Nianze na swali. Ukikosa kuonekana siku nne, yaani hukwenda darasani, hukupita kwa mama wa mahamri, hukuingia ibadani, nani atagonga mlango wako? Usinijibu haraka. Sikuulizi nani atakutumia ujumbe. Sikuulizi una marafiki wangapi kwenye simu. Nauliza ni nani atavaa viatu, apande gari, aulize njia, aje agonge. Tutalirudia swali hili, kwa sababu mazungumzo yote ya leo yamo ndani yake.

Mimi niliwahi kukosa jibu. Mwaka 1994 nilishuka basi Mwembe Tayari nikitokea Taita, nina sanduku la bati na godoro ambalo hamali alinibebea kwa bei iliyonishtua. Nilikuwa nimepata nafasi Mombasa Polytechnic, kule Tudor. Shangazi yangu alinitafutia chumba Mji wa Kale, nyuma ya Ndia Kuu, orofa ya pili ya nyumba kuukuu, ngazi zake kali, za kupanda kwa kujishikilia. Dirisha langu lilitazama kichochoro chembamba mno. Jirani wa ng'ambo angeweza kunipa chumvi kwa mkono bila mmoja wetu kutoka nje.

Usiku wa kwanza nililia. Nawaambia vijana, hasa nyinyi mliotoka Kitui, Kisii, Bungoma na kwetu Taita: kulia usiku wa kwanza si udhaifu wa imani. Mji ni mgeni, joto ni geni, hata Kiswahili chako, ulichopata alama nzuri kwenye mtihani, ukikisema sokoni watu wanatabasamu. Kwetu kengele ya kanisa ndiyo iliyotuamsha. Hapa niliamshwa na adhana, msikiti mmoja ukianza na mwingine ukipokea. Baadaye niliizoea, nikaifanya saa yangu ya kuomba. Lakini juma lile la kwanza nilijihisi mimi ndiye Mkristo pekee kisiwani, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Pale Nkrumah Road makanisa makuu mawili yamesimama barabara moja, la Kianglikana na la Kikatoliki, na yote mawili yana umri mkubwa kuliko babu zenu wengi.

Basi nikatafuta kanisa. Kulikuwa na kanisa moja kubwa hapa mjini, jina silitaji. Niliingia Jumapili tisa mfululizo. Mahubiri yalikuwa mazuri, kwaya ilikuwa nzuri sana. Jumapili ya tisa nilitoka nikizijua nyimbo zote za kwaya ile, na sijui jina la mtu hata mmoja, wala hakuna aliyejua langu. Nilisimama mlangoni nikawaangalia watu wakiagana, wakibebana kwenye magari, wakiulizana habari za wagonjwa wao. Nikarudi Mji wa Kale kwa miguu.

Wiki hiyo msichana mmoja wa darasani, aliyekuwa akisomea uhasibu, akaniambia, "Ijumaa jioni tunakutana, njoo." Nikaenda. Nilitarajia kitu kikubwa. Nikakuta darasa la kawaida, madawati yenye wino, watu kumi na wawili, na gitaa lililopungukiwa nyuzi mbili. Hapakuwa na mhubiri mashuhuri. Mmoja alisoma Maandiko, wakajadiliana, wakabishana kidogo, wakaomba. Lakini waliniuliza jina. Wakaniuliza ninakaa wapi. Na kaka mmoja akaniuliza kama nimekula. Nimekaa kanisani miaka mingi sasa, na bado naamini swali hilo la tatu lilinihubiria kuliko mahubiri yote ya Jumapili zile tisa.

Nikaendelea kwenda. Ijumaa baada ya Ijumaa, kiti kile kile karibu na dirisha. Kisha, wiki ya sita au ya saba, Jumanne, homa ikanishika. Malaria. Nilidhani itapita. Jumatano sikuinuka. Alhamisi maji ya mtungi yakaisha, sikuweza kushuka ngazi. Ijumaa jioni nilisikia adhana ya magharibi nikajua wenzangu wamekutana, nikageukia ukutani.

Jumamosi asubuhi, ngo ngo ngo.

Ni yule dada wa uhasibu. Mkononi ana flaski nyekundu ya maua. Kizibo chake kilikuwa kimepotea zamani, ameiziba kwa mfuko wa nailoni na kuufunga kwa uzi wa katani, akaipakata kwenye matatu kutoka Tudor ili isimwagike. Ilimwagika. Sketi yake ilikuwa na doa la uji kutoka gotini hadi chini. Uji wa wimbi wenye ndimu, na uliobaki ulikuwa bado wa moto. Alisema maneno machache tu: "Kiti chako kilikuwa kitupu."

Sasa sikilizeni alivyonipata, maana hapo ndipo penye utamu. Hakuwa amewahi kuingia Mji wa Kale. Alipotea kwenye vichochoro, akazunguka, akatokea pale pale alipoanzia. Mwishowe akawakuta wazee kwenye baraza, wanakunywa kahawa, akawauliza kama wanamjua msichana wa chuo, Mtaita. Mzee mmoja akamjibu, "Yule anayetuamkia kila asubuhi? Siku nne hatujamwona. Tukadhani kaenda kwao." Wale wazee walikuwa wamenikosa pia. Adabu yao haikuwaruhusu kupanda chumba cha msichana, lakini walikuwa wamehesabu siku. Mmoja akainuka, akamleta mpaka mlango wa chini, akamwita mama mwenye nyumba, naye akapanda na jagi la maji ya mwarobaini.

Basi nauliza tena. Nani atagonga mlango wako?

Kuna watu wengine waliojikuta pwani hii bila ndugu, na nataka tuwakumbuke. Mwaka 1844 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa na mkewe Rosina. Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, Rosina akafa, na mtoto wao mchanga wa kike akafa. Kaburi liko ng'ambo, upande wa Nyali. Ukisimama ukingoni mwa Mji wa Kale unaangalia upande ule. Krapf akabaki bila mwenzake wa kazi mpaka mwaka 1846, alipofika Johannes Rebmann, ndipo wakaanza pamoja kituo cha Rabai. Tunamtaja Krapf kama shujaa wa lugha, na kweli alikuwa mwanafunzi mkubwa wa Kiswahili. Lakini mimi nikipita karibu na bandari ya kale, kinachonijia ni ile miaka miwili. Hata mtu wa imani kama ile alihitaji mwenzake.

Mfano wa pili ndio ninaoupenda zaidi. Wangapi kati yenu mnapita Kengeleni kila siku? Mnajua kwa nini panaitwa Kengeleni? Katika miaka ya 1870 wamisionari wa Kianglikana walianzisha kijiji pale, Freretown, kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka utumwani. Majahazi ya watumwa yalikamatwa baharini, na watu wakashushwa pale. Wafikirie watu hao. Huyu Myao, huyu Mmakua, huyu katokea pande za Ziwa Nyasa. Wengi wao watoto. Hawana mama, hawana mjomba, hawana ukoo, na lugha ya kwao hakuna wa kuizungumza naye. Kengele ilikuwa ya kuwaita na kuwaonya hatari ikija, na bado ipo hapo, chini ya tao lake, matatu zinapita pembeni zikipiga honi.

Watu wale wasio na ndugu wakawa ndugu. Walisimamiana harusi, walizikana, walilea watoto wa wenzao. Ushirika wao ulianza kwa kuitikia kengele moja, kukaa mahali pamoja, na kuulizana nani hayupo. Kijana wa chuo, wewe una simu, una kwenu, likizo utarudi. Wao hawakuwa na pa kurudi. Kama wao waliweza kuwa jamaa, wewe unashindwa na nini?

Sasa tuje kwenye namna ya kuanza, kwa sababu najua mnaniuliza, "Mama, nitaanzia wapi?"

Vyuo vingi hapa nchini vina umoja wa wanafunzi Wakristo, huo mnaouita CU. CU nyingi zimeunganishwa na FOCUS Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1973. Wakatoliki wana jumuiya yao chuoni, na nje ya chuo kuna jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya msingi wa kazi yao tangu miaka ya 1970: majirani wachache, sebule ya mmoja wao, Neno, na sala. Wasabato nao wana ushirika wao. Kupata mlango si shida. Shida ni kuingia na kukaa.

Nasema kukaa. Wanafunzi wengi ninaokutana nao wamezunguka. Jumapili hii kanisa hili kwa sababu ya muziki, Jumapili ijayo lile kwa sababu ya mhubiri mgeni, ya tatu wamelala wakatazama ibada kwenye simu. Baada ya mwaka wanakuja kwangu wakisema Wakristo wa Mombasa hawana upendo. Mwanangu, nani atakukosa mahali ambapo hujawahi kuwa na kiti? Chagua mahali pamoja, padogo. Nenda wiki ya kwanza, ya pili, ya sita. Kaa mpaka wajue sauti yako ukikohoa.

Na kama wewe ni mtu wa haya? Wapo wengi, na si dhambi. Usijilazimishe kuzungumza. Fika mapema nusu saa, upange viti. Hakuna mahali watu wanafahamiana haraka kama kwenye kupanga viti na kuosha vikombe. Mikono ikishughulika, mdomo hufunguka wenyewe. Msichana mmoja wa mwaka wa pili alinieleza kwamba muhula mzima hakuwahi kusema neno kwenye kikundi, lakini kila Ijumaa alifagia darasa na kijana mmoja wa uhandisi na dada mmoja wa utalii. Hao wawili ndio waliomchangia nauli baba yake alipofariki, na mmoja akamsindikiza mpaka Mwatate.

Kikundi chenu kikishakuwa na watu arobaini, kigaweni. Vyuo vingine hupanga wa mwaka wa kwanza katika familia, na kila familia ina mama na baba wa mwaka wa tatu. Wengine huona ni mchezo wa kitoto. Mimi naona ni busara kubwa. Arobaini hawawezi kuona kiti kimoja kitupu. Wanane wanaweza.

Hapa nibadilishe sauti kidogo, kwa sababu kuna jambo zito. Si kila anayekuita ndugu ni ndugu. Sisi wa pwani hatuna haki ya kusahau Shakahola. Ni kaunti jirani, Kilifi. Mwaka 2023 tulishuhudia miili ikifukuliwa msituni, ikapita 400. Watu wale, wafuasi wa mhubiri mmoja, walikuwa wakitafuta ushirika. Walitaka mahali pa kuwa, na wakaambiwa waache shule, waache hospitali, waache jamaa zao. Kwa hiyo nakusihi: ushirika ukikukataza kumpigia mama yako simu, ondoka. Kiongozi akikasirika ukiuliza swali, ondoka. Wakikwambia mkopo wako wa masomo ni mbegu ya kupanda kwao, na wewe huna chakula cha wiki, ondoka usiku huo huo. Ushirika wa kweli ulinirudisha darasani baada ya malaria, na madaftari ya wenzangu niyanakili.

Na kuna kosa jingine, la kistaarabu zaidi, nalo linanihuzunisha kwa sababu linafanywa na watoto wetu wazuri. Wanapata ushirika, kisha wanaugeuza boma. Wanakaa Mombasa miaka minne hawajui jina la jirani yao Mwislamu. Je, wanajua chuo chao cha Tudor kilianzaje? Kilianza kama taasisi ya elimu ya Kiislamu, ile wazee wanayoiita MIOME. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu, Technical University of Mombasa. Unaposali na wenzako pale, umepokewa katika nyumba ambayo msingi wake uliwekwa kwa ajili ya vijana wa jirani yako.

Najua kuna hofu. Tarehe 2 Aprili 2015, kule Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 waliuawa na magaidi, wengi wao wanafunzi, na miongoni mwao walikuwamo waliokutana alfajiri kwa maombi. Walikuwa kikundi kidogo, chumba cha darasa, asubuhi na mapema. Siwezi kulitaja jambo hilo bila moyo kusimama, kwa sababu nawaona wale kumi na wawili wangu. Lakini nakumbuka pia Desemba ya mwaka ule ule, basi la Mandera liliposimamishwa na wauaji wakataka Wakristo watengwe. Abiria Waislamu walikataa kutengana na wenzao. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, na mwezi uliofuata akafariki. Hakuwa wa ushirika wetu. Aliwahesabu abiria wote kuwa watu wake. Ukiniuliza Mkristo wa chuo aishije na jirani Mombasa, nitakuelekeza kwa mwalimu huyo, na kwa wale wazee wangu wa baraza.

Mimi Ramadhani ya kwanza Mji wa Kale nililetewa futari na mama mwenye nyumba: mihogo ya nazi, tambi, na kaimati kwenye kisahani kilichofunikwa kwa kisahani kingine. Krismasi nikampelekea chapati, zilizonitoka ngumu. Alizila. Wale wenzangu wa Ijumaa walipoanza kuja kwangu, alikuwa akiacha mlango wa chini wazi mpaka wa mwisho aondoke.

Yule dada wa flaski leo ni bibi wa wajukuu wawili, anaishi Voi. Hatukufanana kwa lolote. Yeye mcheshi, mimi mkimya. Yeye Mpentekoste, mimi Mwanglikana, na mambo kadhaa hatujakubaliana mpaka leo. Baba yangu alipozikwa, dada huyu alikuwa jikoni tangu saa kumi za usiku.

Wapenzi, muda unanikimbia, na nimebakiza neno kwa wazee wenzangu wa makanisa ya kisiwa hiki. Wa mwaka wa kwanza wanaingia. Utawaona. Wanakaa viti vya nyuma, karibu na mlango, begi miguuni, na wimbo wa mwisho ukianza wameshatoka. Jumapili hii usiwaache watoke. Achana kidogo na rafiki zako wa siku zote, uwahi mlangoni. Muulize mmoja jina lake. Muulize anakaa wapi. Muulize kama amekula, na akisema amekula usimwamini, mpeleke nyumbani. Wali wa siku hiyo ukiwa mdogo, ongeza maji kwenye mchuzi. Kisha Jumapili inayofuata tazama kiti chake, na kikiwa kitupu, chukua flaski.